Kobe Aliyechukuliwa Matangani

Kati ya wanyama watatu niliowatoa chuoni ndani ya mfuko wa unga, kobe ndiye aliyeishi muda mrefu kuliko wenzake, na ndiye aliyekufa kwa kosa langu.

Nilikuwa mwaka wa tatu wa zoolojia chuo kilipofungwa. Walimu hawakuwa wamelipwa kwa miezi mingi, maduka ya mjini yalikuwa yamevunjwa na askari pamoja na raia, na kwenye kambi za wachimba migodi wanaume walikaa vizingitini mchana kutwa wakingoja kuitwa kazini. Hakuna aliyeitwa. Mzee aliyetunza chumba cha reptilia alinishika mkono langoni akaniambia kwamba ameona watu wakiyapima mabanda kwa macho kama wapimao nyama. Alinipa chatu mchanga, kinyonga na kobe, akaomba tu nisitaje ni nani aliyefungua mlango. Nilikwenda kwa miguu hadi nyumbani, mtaa wa Katuba, mfuko mgongoni, chatu akijigeuza ndani yake kama mtu aliyekosa usingizi.

Mama alichungulia mfukoni, akaufunga tena, akauliza kama huo ndio mshahara wa miaka mitatu ya masomo.

Aliyewapokea ni nkambo, mama yake mama. Alizaliwa Sakania, kando ya reli, na ukoo wake, ambao kwa upande wa mama ni wangu pia, ni ukoo wa Mamba. Alisali misa kila asubuhi, na bado aliamini kwamba kila kiumbe chenye magamba ni jamaa yetu. Nilimweleza kwamba kwa sayansi mamba yuko karibu zaidi na kuku kuliko na kinyonga.

"Basi kuku naye iko ndugu," akasema. "Ule tunamukulaka tu."

Chatu alikufa mwezi wa sita. Baridi ilikuwa kali, umeme ulikatika siku nyingi, na taa niliyomwekea haikuwa na kazi. Nilimzungushia chupa za maji ya moto hadi makaa yakaisha. Kinyonga tulimkuta chini ya mlimau amekufa, amejazwa tumbaku mdomoni. Hatukumjua aliyefanya, na mtaani hakuna aliyeona kuna jambo la kuuliza.

Kobe akabaki. Alikuwa na ufa mdogo ubavuni mwa gamba, na asubuhi aligonga beseni la bati kwa kichwa mpaka nkambo atoke na lengalenga, mchicha wa kwetu. Alimfuata nkambo akifagia, akaharibu alipofagia. Niliendelea kuandika habari zake daftarini, alikula nini, alilala wapi, ingawa hapakuwa na mwalimu wa kuzisoma. Watu waliniuliza kwa nini nahangaikia kobe wakati watu wenyewe hawali. Nami nilijiuliza. Huenda huruma kwa wanyama ni anasa ya walioshiba. Lakini sisi hatukuwa tumeshiba. Jibu pekee nililopata ni kwamba kiumbe huyu aliomba majani na mahali pa kujificha tu, na kama mji mzima umeshindwa kumpa hata hayo, basi kilichokwisha hapa si mishahara peke yake. Jibu hilo sikulipenda, na sikupata lingine.

Kisha nkambo akafa, kwa homa ambayo dawa yake ilikuwepo katika miji mingine.

Watani wetu ni ukoo wa Samaki. Kwenye msiba wetu wao ndio wanaochimba kaburi, wanaotutukana ili tucheke, na wana haki ya kuchukua chochote cha nyumbani bila kuzuiwa. Mwenye mali hukikomboa kwa kibuyu cha munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, kabla mikeka ya matanga haijakunjwa. Asipokwenda, amekiacha.

Mtani wetu wa karibu alikuwa mzee wa reli aliyepoteza kazi, anayelea wajukuu mtaa wa pili. Miaka yote alikuwa akimwita nkambo bibi yake wa mtoni. Siku ya mazishi alijitupa chini mbele ya waombolezaji, akaogelea vumbini, akainuka na kobe wangu kwapani.

"Ba Mamba, nimekamata mutoto yenu," akasema. "Mukimutaka, mukuye na munkoyo."

Watu walicheka, hata mama, na ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu kifo. Jioni ile ile mama alinipimia munkoyo.

"Kamata hii, enda umukomboe. Leo, hapana kesho."

Sikwenda. Nilimwambia kwamba siwezi kununua kilicho changu, kwamba desturi inayoruhusu kuwapora wafiwa haina tofauti na uporaji wa mjini, ila huu una vicheko. Nilisema mengi, mbele ya shangazi zangu waliolala mkekani, nami nikajisikia mwerevu. Siku ya pili nilirudia hoja. Siku ya tatu mama alikiweka kibuyu karibu na mlango, akarudi jikoni. Moyoni sikuwa na hofu. Utani ni utani. Mzee angechoka na kumrudisha. Leo naona jinsi nilivyokuwa: desturi sikuiamini, lakini niliitegemea inilindie kobe.

Mikeka ilikunjwa siku ya tatu jioni. Asubuhi ya nne nilibeba munkoyo uliokwisha kuchachuka sana.

Mzee alikuwa ameketi mlangoni. Hakutania. Gamba lilikuwa juu ya ukuta, limeoshwa, linakaushwa juani, na ufa wake ubavuni.

"Nilikungoya, mujukulu," akasema. "Kila asubuyi nilimupa lengalenga, nikasema leo atakuya. Jana mikeka imekunjwa. Na mu nyumba hamuna kitu ya kula."

Nilitaka kumkasirikia na sikupata pa kuanzia. Nilimwuliza kama kobe aliteseka. Akasema hapana, na nikajua alisema hivyo kwa ajili yangu. Alipokea kibuyu, akamimina munkoyo katika vikombe viwili, akanipa kimoja. Ulikuwa mkali, tukaumaliza.

Chuo kilifunguliwa muda mrefu baadaye, na wachache tulirudi. Mabanda yalikuwa matupu, nyavu zimeng'olewa, na mzee wa chumba cha reptilia hakuonekana tena. Mwalimu mmoja aliyesikia habari zangu aliniuliza niliwaokoa wangapi. Nikamwambia watatu. Akaandika. Alipouliza wako wapi, nilimpa daftari, akasoma kurasa za mwanzo tu, akanirudishia.

Gamba, ambalo mtani wetu alinipa nirudi nalo, liko nyumbani. Mama hataki litupwe, wala hataki litumiwe. Mvua ya kwanza ikinyesha, wakati ambao kobe angetoka mafichoni mwake chini ya ukuta, mama hutupa pale vikonyo vya lengalenga. Nilimwuliza mara moja kwa nini. Akaendelea kuchambua majani. Vikonyo hukauka, nami huvifagia.