Kondoo Juu, Chakula Chini

Wakati mama yangu alipoanza kukataa chakula kule nyumbani Wundanyi, mimi nilikuwa nikilisha wazee wa watu katika nyumba ya kutunzia wazee huku Quakers Hill, Sydney.

Mmoja wao alikuwa Mchina, mwalimu mstaafu aliyemfuata binti yake Sydney akiwa tayari mzee. Kiingereza chake kidogo kilikuwa kimeshampotea. Nilimwita Babu, naye aliniitikia kwa kichwa. Miezi mingi tulielewana kwa kijiko: nikikileta, anafungua mdomo. Halafu akaacha kuufungua.

Nilijaribu uji. Nilijaribu viazi vilivyosagwa, hata mtindi wa embe aliokuwa akiupenda. Alikaza midomo na kunitazama kwa upole, bila hasira yoyote. Muuguzi wa zamu alisema tusimlazimishe, maana angeweza kupaliwa. Kwa hiyo nilimwekea sahani, nikasubiri, kisha nikaiondoa ikiwa vilevile. Ndiyo kazi niliyoifanya wiki nzima.

Jumamosi mchana binti yake akaja kutoka Blacktown na uji wa mchele ndani ya chupa ya chai. Akajaribu naye. Mzee akageuza uso. Kisha akachovya kidole kwenye kikombe chake cha chai iliyokuwa imepoa, akaanza kuandika juu ya trei, mstari baada ya mstari.

"Anaandika nini?" nikauliza.

"Yang. Kulea," binti akasema. "Hapa juu ni kondoo. Hapa chini ni chakula."

Akanieleza kwamba zamani sana, watu walipokuwa wakichonga maandishi kwenye mifupa na magamba ya kobe, alama hiyo ilikuwa mkono ulioshika fimbo, ukichunga kondoo. Baadaye fimbo ikaachwa, kikaja chakula. Neno ni hilohilo kwa mtoto, kwa mifugo, kwa mgonjwa anayetafuta nafuu, kwa mzazi aliyezeeka.

Nikamwambia sisi kwa Kiswahili tumeyagawa maneno: mbuzi tunafuga, mtoto tunalea, mgonjwa tunamuuguza, mzee tunamtunza.

"Mimi shuleni sikufundishwa kuiandika hivi," akasema, akachora ya kwake pembeni, yenye mistari michache. "Serikali yetu ilirahisisha maandishi. Chakula wakakitoa."

Mzee akaitazama, akatikisa kichwa. Akaandika tena ile yake, kwa taabu.

"Anataka kusema nini?"

"Sijui. Labda ananikumbusha kwamba alinilea. Labda ananiuliza mbona mimi simlei, nimemleta hapa. Au ananisahihisha tu. Ni mwalimu."

Akamuuliza kwa lugha yao. Akamuuliza tena, karibu na sikio. Mzee akafumba macho. Binti akalia akiwa ameshika kifuniko cha chupa, nami nimesimama na kijiko mkononi.

Jioni, nyumbani Rooty Hill, nikampigia dada yangu mkubwa.

"Mama amekula?"

"Uji kidogo. Akautapika."

"Hebu mpe simu." Nikasikia pumzi ya Mama. "Mama, kula basi, hata kidogo tu."

"Wewe huko umekula?"

"Nimekula, Mama."

"Umekula nini?"

Sikuwa nimekula kitu. "Wali."

"Na nini?"

"Na maharagwe."

"Haya, vizuri," akasema, akarudisha simu.

"Unadhani mimi simbembelezi?" dada akasema. "Niambie basi nifanye nini ambacho sijafanya."

Nikamwambia pole.

Babu alifariki siku ambayo sikuwa kwenye zamu. Niliporudi kazini kitanda chake kilikuwa kimetandikwa shuka safi, na binti yake sikumwona tena. Mama angali hai. Kuna siku anakula, kuna siku hali. Dada hunitumia picha ya sahani ya Mama, nami naikuza kwa vidole, natazama kama chakula kimepungua.