Mafuta ya Kondoo Chini ya Pikapu

Msimu ule kahawa ilikuwa na bei nzuri, na mume wangu, badala ya kuezeka nyumba kwa bati kama majirani zetu, akanunua gari. Ilikuwa pikapu kuukuu ya rangi ya majivu. Aliinunua kwa mzungu wa shamba moja la Usa River aliyekuwa anafunga mizigo kurudi kwao. Mume wangu alijifunza udereva jeshini wakati wa vita, na tangu hapo aliamini hakuna asichokijua kuhusu magari. Mimi sikuwa na neno na gari lenyewe. Taabu yangu ililetwa na maneno ambayo yule mzungu alimwambia wakati anamkabidhi ufunguo.

Kwao Ulaya, alimwambia, miezi ya baridi barabara hufunikwa na barafu, na watu huimwagia chumvi ili iyeyuke. Chumvi hiyo hurukia chini ya gari na kukila chuma mpaka kinabaki kama chujio. Kwa hiyo kila mwaka, kabla ya baridi kuingia, mwenye akili hulipaka gari lake mafuta tumboni.

Mume wangu alirudi nyumbani na habari hiyo kama mtu aliyetoka kuokoka.

"Hapa kwetu barafu iko juu ya mlima tu," nikamwambia. "Utalipeleka gari huko?"

"Baridi ya Juni na Julai huijui? Halafu kuna magadi."

Kwenye magadi hakukosea, lazima nikiri. Kazi aliyoipa ile pikapu ilikuwa kubeba magadi kutoka Umasaini, kule bondeni ziwani, kuyaleta soko la Arusha, ambako watu waliyanunua kwa ajili ya mifugo, ugoro na maharage. Magunia yalivuja. Unga wake ulipenya kila mahali, na barabara yenyewe ya huko ilikuwa vumbi jeupe lenye chumvichumvi. Gari likirudi, hata ungelamba mlango ungewashwa ulimi.

Basi akaanza kupaka. Kila Jumamosi alikuja na debe la oili chafu kutoka gereji za mjini, akaingia uvunguni mwa gari, akatuachia miguu tu. Wageni waliokuja kwetu waliisalimia miguu. Mchungaji naye alipita siku moja, akainama, akaulizia hali ya familia, akajibiwa kutoka chini na sauti iliyojaa grisi. Mashati ya mume wangu niliyafua kwa sabuni, nikayafua kwa majivu, mwisho nikaacha. Shuka letu la kitandani lilikuwa na mchoro wa mgongo wake.

"Si uioshe kwanza?" nilimuuliza. "Magadi yamegandamana huko chini, wewe unayafunika tu."

"Maji ndiyo yanayoleta kutu, mama watoto. Nani amwagie chuma maji?"

"Sufuria iliyopikiwa magadi, nikiipaka samli juu bila kuiosha, itakuwa imeoshwa?"

"Gari si sufuria," akasema, na miguu ikarudi ndani.

Wakati huo nilikuwa na mimba ya mtoto wetu wa tatu. Mama yangu alikuwa wa upande wa magharibi ya mlima, kwa wafugaji, na kwao mzazi lazima anywe mafuta ya kondoo ili apate nguvu. Aliyayeyusha mwenyewe, akayajaza kwenye kibuyu, akaniletea mapema. Nilikitundika jikoni, juu kabisa.

Jumapili moja nilibaki kanisani na akina mama baada ya ibada. Nilipokaribia nyumbani nikasikia harufu ya nyama, kama kuna sherehe. Nikafurahi, nikidhani mume wangu amechinja. Nikakuta kibuyu kimelala karibu na tairi.

"Oili ilikuwa imeisha mjini," akasema kabla sijafungua mdomo.

"Hayo ni mafuta ya uzazi!"

"Nimekubakizia kidogo."

Kweli alikuwa amebakiza. Kidogo hicho kilikuwa chini ya kibuyu, pamoja na nywele za brashi.

Sikusema naye siku hiyo wala iliyofuata. Mbwa ndio waliosema naye. Walikuja mbwa wetu, wakaja wa majirani, wakaja wengine ambao sijui walitokea wapi, wote wakaingia uvunguni kulamba. Kahawa ilikuwa imeiva, inataka watu wa kuichuma, na baba mwenye nyumba amekaa kwenye kigoda na fimbo mkononi, analinda gari lisilambwe. Mbwa walipochoka, wakaja siafu.

Nilijifungua salama, mtoto wa kike. Mama akaja kunihudumia, na jambo la kwanza aliloulizia lilikuwa kibuyu. Nikamweleza. Akatazama pikapu kule nje.

"Basi na yenyewe ilikuwa imejifungua," akasema, akaenda kunipikia uji.

Siku ya mama kuondoka, mume wangu alishikilia kwamba atampeleka mwenyewe. Nadhani alitaka kusafisha jina lake. Mama mkwe na mkwe hawakai karibu hivihivi, kwa hiyo mimi na mtoto tulikaa katikati, na mama akageuzia uso dirishani. Tulishuka hadi Usa River, tukashika barabara ya mjini. Mvua ilikuwa imeichimba vibaya. Kwenye shimo moja kubwa nilisikia mlio kama wa mkate mkavu unaovunjwa.

Mama hakupiga kelele. Asingeweza, mbele ya mkwe. Aliniinamia, akaniambia kwa Kimasai, kwa upole kabisa, "Mwanangu, mguu wangu uko nje."

"Simamisha gari!" nikapiga yowe.

Sakafu ilikuwa imetoboka, na mguu wa mama umeingia mpaka kwenye muundi. Alichunika tu, namshukuru Mungu, lakini kandambili yake ya mpira wa tairi ilikuwa imebaki nyuma barabarani. Mume wangu aliifuata kwa mguu, akaileta ameishika kwa mikono miwili, macho chini.

"Nisamehe, mama."

"Hamna neno, baba," mama akajibu, akiwa tayari amesimama kando ya barabara. "Nitasubiri basi."

Kesho yake mume wangu alikwenda mjini kutafuta fundi. Mimi na wifi yangu tukachota maji mferejini, tukayachemsha, tukachukua panga butu, wifi akaingia uvunguni. Mafuta, tope na magadi vilitoka vipande vizimavizima, vyeusi, vinanuka kama ngozi mbichi. Juu yake chuma kilikuwa kinapukutika kwa kidole.

Mume wangu alirudi na fundi, akatukuta tumelowa.

"Nani amewaambia mmwage maji?"

"Mimi," nikasema. "Mwingize fundi wako aone."

Fundi aliingia, akagonga huku na kule, akasema sakafu yote itoke, lakini chasisi bado ina uhai. Akatupigilia bati la pipa.

Baada ya hapo, kila akitoka Umasaini, mume wangu alisimama mtoni, akaosha gari chini mpaka maji yatoke safi, akaliacha likauke juani, ndipo akapaka oili. Hakuniambia kwamba ameanza. Niliambiwa na wanawake waliokuwa wakifua pale, wakilalamika kwamba anawachafulia maji.

Pikapu ile ilituhudumia miaka mingi, mpaka injini ikachoka. Watu walimuuliza aliwezaje kuitunza namna hiyo na mizigo ya magadi, naye aliwaeleza habari za mzungu, barafu na mafuta, mwanzo hadi mwisho. Maji hakuyataja. Mimi nilikuwa nimekaa palepale, nachambua maharage.