Kufungua Mbwa na Kupoteza Mbwa

Mume wangu alijifunza Kiingereza kwa masikio tu, alipokuwa akipika kwa Wazungu huko Kabale, ng'ambo ya mpaka. Tuliporudi Goma, katika miaka ya hamsini, ndicho kilichompatia kazi kwa Mwingereza mwenye shamba la kahawa upande wa Kibati. Bwana yule hakujua Kifaransa, na Kiswahili chake kilikuwa cha matusi. Mimi nilichuma kahawa hapo hapo.

Asubuhi moja kapita, msimamizi wetu, alimleta mchumaji mwenzetu, mzee mmoja, akidai ameiba gunia. Bwana alimpiga kwa kiboko mpaka shati likashikana na nyama. Mzee hakulia, na nadhani hilo ndilo lililomtia bwana wazimu. Akamfokea mume wangu kwa Kiingereza, akionyesha nyuma ya nyumba, alikofungwa mbwa wake mkali.

Alisema loose, yaani mfungue. Mume wangu akasikia lose, mpoteze. Juzi yake mbwa alikuwa amemuuma mke wa bwana, kwa hiyo agizo halikumshangaza. Akamvuta kwa mnyororo hadi mbali kwenye mawe ya volkano, akamwacha huko.

Sisi tulisimama tukingoja meno. Mbwa hakuja. Bwana akaenda nyuma ya nyumba kutazama, na mzee akatambaa mpaka kwenye migomba, akatoroka.

Mume wangu aliporudi mikono mitupu, bwana alimwangusha, akamvunja mkono, akamng'oa meno ya mbele kwa kisigino cha kiatu. Nilimrukia nikamuuma bega. Kapita alinipiga kwa mpini wa jembe mpaka nikaona giza. Tulifukuzwa siku ile ile.

Watu walisema mume wangu alifanya ujanja, na wakamsifu. Majuma yakapita, mzee akaja kwetu na mbuzi. Akamwambia, "Papa, umeniokoa. Pokea."

Mume wangu hakuishika kamba. "Muzee, sikusikia neno vizuri. Ningelisikia, ningemufungua mbwa."

Nilitamani angalinyamaza. Mzee alimtazama mdomo ule uliopasuka, kisha mkono uliofungwa vijiti.

"Hata hivyo niko muzima," akasema. Akamfunga mbuzi kwenye nguzo yetu, akaondoka bila kuaga.

Mbuzi tulimchinja Jumapili. Mume wangu alitafuna polepole, kwa upande mmoja. Kiingereza hakukisema tena, hata watalii walipomsimamisha barabarani kumuuliza njia ya mtaa wa Himbi.