Kiganja Juu ya Mninga

Mume wangu ni fundi wa magitaa. Watu wakisikia hivyo hudhani anayapiga. Hapigi. Hata wimbo mmoja hawezi kuufikisha mwisho, na kanisani sauti yake hujificha chini ya sauti za wenzake kama mtu aliyechelewa ibada. Lakini mpe ubao, aushike juu juu na kuugonga kwa kidole karibu na sikio, atakuambia kama utaimba au utanyamaza. Mgongo na mbavu za gitaa hutengeneza kwa mninga, shingo kwa mkangazi, na pale vidole vinapokimbia juu ya nyuzi huweka mpingo. Uso wa mbele hutumia mwerezi akiupata. Mimi hufurahi akiupata, maana ule ni mti niliousoma kwenye Maandiko kabla sijawahi kuunusa.

Kidole chake cha mwisho cha mkono wa kulia ni kifupi. Msumeno ulichukua kipande kabla hatujaoana. Ana tabia moja ambayo sijaiona kwa fundi mwingine: ubao ukishapigwa msasa wa mwisho, huupitishia kiganja taratibu, toka juu hadi chini, kama mtu anayembariki mtoto. Anasema jicho hudanganywa na mwanga, kiganja hakidanganywi.

Karakana ilikuwa ya wawili, yeye na mdogo wake wa tumbo moja. Mume wangu alikata, akapinda, akagundisha. Shemeji alipuliza laka. Mtaani wanamwita Mvuke, kwa sababu akivaa kile kitambaa cha puani na kuwasha kompresa humuoni tena, unaona wingu tu. Laka yake ilikuwa nyembamba, tabaka juu ya tabaka, ukiitazama unaona mishipa ya mti chini yake kama mawe chini ya maji. "Gitaa si kabati," alikuwa akisema. "Ukilivalisha koti zito, litaimbaje?"

Sasa shemeji ana mdomo. Hawezi kukupita bila kukutania. Mume wangu nywele zilikuwa zimeanza kumtoka utosini, na siku mwalimu wa kwaya alipokuja kuagiza magitaa mapya ya kanisa, mume wangu akavua kofia kumsalimu. Shemeji akadakia hapohapo:

"Mwalimu, umemwona kaka? Kichwa kimeshapigwa msasa, kimeshapakwa sila ya kuziba vitundu. Bado laka tu!"

Walicheka wote. Mume wangu naye alicheka. Mimi nilikuwa mlangoni na chai yao, nikaona jinsi alivyoirudisha ile kofia upesi.

Kumbe baada ya hapo alikwenda kununua mafuta. Mimi sikujua, nimekuja kujua baadaye kabisa. Alinunua kichupa cha mafuta ya kuotesha nywele na kuzing'arisha, akakificha nyuma ya makopo ya gundi. Kila asubuhi, kabla mdogo wake hajafika, alijipaka utosini, akavaa kofia. Nilisikia harufu ya maua nikamwambia, "Baba, hiyo sabuni mpya inanukia vizuri." Akajibu, "Eeh." Mungu amsamehe, ilikuwa eeh fupi sana.

Ndipo laka ikaanza kuharibika. Gitaa la kwanza la kwaya lilipopulizwa, laka haikutulia. Ilijikusanya pembeni ikaacha vishimo vidogo vya mviringo, mbao ikichungulia katikati. Mafundi wanaviita macho. Vinatokea laka ikikutana na mafuta, kwa sababu hivyo viwili havipatani hata kidogo.

"Mninga nao una mafuta yake, kaka," shemeji alisema. "Huu ubao ulikauka kweli?"

Neno lile lilimchoma. Mbao zake hukaa juu ya dari miaka kabla hajazigusa. Wakakwangua, wakapiga msasa, wakapuliza tena. Macho. Safari hii hata kwenye uso wa mwerezi, ambao siku zote ulipokea laka bila shida. Mume wangu akaanza kuulizia thina ya kuzimulia laka imenunuliwa wapi. Palepale pa siku zote. Akaulizia kopo la laka limefunguliwa lini. Maswali yakawa mengi na maongezi yakawa machache. Nikipeleka chai nilikuta kila mmoja amegeukia ukuta wake.

Mwalimu wa kwaya akaja kuangalia kazi, ameongozana na wanakwaya wawili. Fundi viatu wa mlango wa pili naye alikuwepo, amekuja kuomba moto wa sigara. Mwalimu aliyaona yale macho, akauliza kwa upole kulikoni.

"Muulize huyu," mume wangu akasema, akimwonyesha mdogo wake kwa kidevu. "Muulize laka nzuri inaenda wapi. Hapa tunapuliziwa maji maji yaliyochanganywa na mafuta ya taa, huko pembeni makabati ya watu yanang'aa."

"Kaka, unasema mimi naiba?"

"Nasema laka haina miguu."

Shemeji alivua kile kitambaa cha puani, akakikunja vizuri kama nguo ya kwendea kanisani, akakiweka juu ya kompresa. "Mama alituzaa wawili tu," akasema. "Kuanzia leo umebaki peke yako." Akatoka. Mwanakwaya mmoja alimfuata kwa macho mpaka barabarani, kisha akaangalia mikono yake mwenyewe.

Kazi hakukosa. Mwisho wa mtaa wetu kuna karakana ya majeneza, wakamchukua kesho yake. Nilikwenda kumwona. Akanitania, "Shemeji, hawa wateja wangu wa sasa hawarudi kulalamika." Lakini alisema bila kucheka, naye ndiye mtu anayecheka utani wake kabla ya wengine.

Mume wangu akabaki na magitaa ya kwaya. Alinunua kopo jipya la laka na thina mpya, akaliosha bomba la kupulizia mpaka likawa kama la dukani. Alilirudisha gitaa kwenye mbao tupu, akapiga msasa upya. Siku hiyo kulikuwa na joto. Alivua kofia, akajifuta jasho la utosini kwa mkono, kisha akaupitishia mgongo wa gitaa kiganja chake kama kawaida yake. Halafu akapuliza.

Mimi na mwalimu wa kwaya tuliingia pamoja, tumekutana mlangoni. Laka ilikuwa bado mbichi. Mbele ya macho yetu ilianza kujitenga, kidogo kidogo, na katikati ya mninga ule mwekundu pakatokea kiganja. Dole gumba, vidole vitatu vizima, na kimoja kifupi.

Mwalimu aliinama karibu. "Fundi, huu si mkono?"

Mume wangu aliangalia gitaa. Akaangalia mkono wake. Mimi nikasikia ile harufu ya maua.

"Baba, umejipaka nini?"

"Sijajipaka kitu." Akautia mkono mfukoni, kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Mwalimu, kwa kuwa ni mtu wa adabu, alisema amesahau kitu fulani nyumbani, akaondoka.

Tulipobaki wawili alikitoa kichupa nyuma ya makopo ya gundi akanipa. Aliketi juu ya benchi la randa. "Nimemwita mdogo wangu mwizi," akasema, "kwa sababu ya upara." Nakiri kicheko kilinifika kooni. Kilirudi chini chenyewe nilipoona machozi yake. Kile kiganja alikikwangua usiku uleule hadi mbao ikawa safi, kana kwamba kuna mtu angepita kukagua. Jumapili hatukukaa mahali petu. Alitafuta kiti cha nyuma, karibu na mlango, na wakati wa kupeana mikono ya amani aliinama kufunga kamba za viatu visivyo na kamba.

Niliomba sana siku zile. Sikumsukuma. Mwenyewe akasema, "Mama, nisindikize."

Tulimkuta shemeji anapuliza kifuniko cha jeneza. Akazima bomba.

"Nilikuwa napita tu," mume wangu akasema.

"Karibuni."

"Joto leo."

"Joto."

"Bomba lenu linapuliza vizuri."

"Linapuliza."

"Haya basi."

Tukarudi. Tulipokaribia nyumbani akasema, "Mdomo umegoma." Alisema akiangalia chini, kama anayesimulia ugonjwa.

Kesho yake alikwenda bila mimi, na mambo haya alinisimulia mwenyewe. Alisema yote kabla hata ya kusalimu: mafuta, kofia, jasho, kiganja. Shemeji alikuwa anakoroga kopo, hakuacha kukoroga.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Umekuja kuniambia kwamba mimi siibi. Hilo nilikuwa nalijua, kaka. Kawaambie wasiojua."

Kwa hiyo ikabidi awaite. Mwalimu, wanakwaya wale wawili, fundi viatu. Walikuja jioni, wakasimama kati ya mbao. Shemeji alisimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Mume wangu alikuwa amejiandaa maneno marefu, nilimsikia akiyapanga alipokuwa anaoga. Yote yalimtoka. Alisema tu, "Mdogo wangu si mwizi. Laka ilikuwa nzima. Mafuta yalikuwa yangu."

"Mafuta gani?" fundi viatu akauliza. Kweli hakuwa na nia mbaya, hakuelewa tu.

Mume wangu akavua kofia. "Ya kuotesha nywele."

Mwanakwaya mmoja kikamponyoka kicheko, akajiziba mdomo. Fundi viatu hakujiziba. Alicheka mpaka akashika ukuta, akauliza kama yameotesha chochote, kwa sababu yeye haoni. Mume wangu alisimama katikati na kukipokea kile kicheko, mikono imelegea pembeni, masikio yanawaka. Mimi nilitamani sakafu inimeze kwa niaba yake. Aliyekikomesha ni shemeji, mtani wetu, ambaye siku hiyo hakutania. "Basi, imetosha," aliwaambia. "Mwacheni kaka yangu."

Nilidhani atarudi. Mume wangu naye alidhani. Alipomwomba, shemeji alimshika bega.

"Hasira imeisha, kaka, Mungu shahidi. Lakini nikirudi, siku laka ikikataa tena utanitazama. Hutasema neno. Utanitazama tu. Mimi sitaki kutazamwa."

Mume wangu akakubali, kwa sababu anajijua.

Walikubaliana hivi. Gitaa likishapigwa msasa wa mwisho, mume wangu hulifunga kwa shuka safi, analishika kupitia kitambaa, na kulipeleka kule mwisho wa mtaa. Shemeji hulipulizia saa zake za mapumziko. Kopo la laka hununua mwenyewe na kuja na risiti, ingawa hakuna aliyeidai, na ile risiti humuumiza mume wangu kuliko tusi. Magitaa ya kwaya yalimalizika hivyo, na ni mazuri, watu wanayasifu. Yeye akisifiwa huangalia pembeni.

Juzi nilipita nikamkuta anasubiri nje ya ile karakana, amesimama kwenye foleni ya waliofiwa, gitaa limelala mikononi ndani ya shuka nyeupe. Mama mmoja aliyevaa nguo nyeusi alimwangalia, akaangalia ule mzigo, akamgusa mkono.

"Pole sana, baba."

Nilitegemea amweleze kwamba ni gitaa tu, hajafiwa. Alitazama ndani, ambako mdogo wake alikuwa amezungukwa na wingu lake, kisha akamgeukia yule mama.

"Asante," akamwambia. "Nimeshapoa."

Akasogea mbele kidogo, zamu yake ilikuwa imekaribia.