Weusi Uliokutwa Kichwani mwa Mabula

Ndugu zangu, kuna mwanamke alitengwa kwenye msiba wa mume wake mwenyewe, wakwe wakisubiri daktari aseme ni yeye aliyemuua.

Ni bibi yangu, Paskazia.

Mwaka 1953 mume wake, Mabula, alikuwa anachimba dhahabu Geita.

Ilianza na kichwa kuuma. Kila asubuhi anatapika. Mara anamwona mtu mmoja wawili. Siku moja akaanguka kwa degedege, wakampeleka hospitali Mwanza.

Daktari akamchoma sindano ya mgongo. Maji ya humo hutakiwa yawe maangavu. Yake yalitoka kama chai ya rangi.

Akamkagua mpaka nyayo na kucha, akitafuta baka jeusi, maana uvimbe mweusi huweza kuanzia kwenye ngozi. Hakuna.

Wiki haikuisha, Mabula akafa.

Paskazia hakulia. Mikono yake aliiona kama ya mtu mwingine.

"Hata machozi hana!" mama mkwe, Mbuke, akapiga kelele. "Mpasueni mwanangu tuione sumu!"

Wakampasua. Chini ya ubongo palikuwa na uvimbe mweusi tii.

Basi, kwisha habari: weusi ule wakauita sumu. Baada ya maziko kule kijijini kwao Didia, Paskazia akahamishiwa kibanda cha nje na binti yake Mageni. Chakula anasogezewa mlangoni.

Baadaye daktari akamwita baba mkwe, mzee Ngassa, na Paskazia. Akawaonyesha kipande cha uvimbe kwenye hadubini, chembe za kahawia tele.

"Nilitaka kwanza kujua kama ni damu ya zamani," akasema. "Kipande kingine nikakitia dawa ya kung'arisha. Damu isingefifia. Hii imefifia. Sasa tazama na kipande hiki, si cha uvimbe."

Ngassa akainama. "Ni chembe zilezile za kahawia."

"Hiyo ni ngozi ya kichwa chake, pale palipokuwa pazima. Rangi ya ngozi, mzee. Kidogo huwamo hata kwenye utando wa ubongo. Kwake ikageuka uvimbe. Ni nadra sana. Mwili mzima hatukukuta mwingine, kwa hiyo ulianzia humohumo."

"Nani aliuweka?"

"Hakuna mtu."

Ngassa akawaeleza ukoo. Watu wakaondoka mmoja mmoja.

Jioni Mbuke akaja kibandani, akakaa chini mlangoni.

"Mama Mageni. Daktari hakutaja dawa?"

"Dawa gani, mayu?" Paskazia akauliza, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Ile nyeusi. Alipokuja likizo nilimtilia kwenye uji, kichwa kitulie. Waliposema weusi..."



Kumbe! Tangu uonekane ule weusi, muda wote anamnyooshea mkwe kidole, moyoni aliamini muuaji ni yeye mwenyewe.

Paskazia hakuhisi hasira. Hakuhisi huruma. Hakuhisi kitu.

"Si wewe, mayu," akasema. "Wala si mimi."

Akamsogezea kigoda.

Kulia, alilia mwaka uliofuata, peke yake, akipalilia pamba.

Jamani, ugonjwa usiofahamika ukikuchukulia mtu, vumilia kwanza kutojua. Usiharakishe kumtafuta wa kumbebesha. Na asiyelia msibani, mwacheni. Hamjui amebeba nini.