Kitenge Nilichomtupia Rubani

Mwanangu, siku hiyo naikumbuka kwa wimbo kabla ya kuikumbuka kwa mvua. Nilikuwa msichana wa sauti kali, kiongozi wa waimbaji wa chama hapa Lubumbashi. Miaka ile ya Zaire, mkubwa hakupokelewa mahali pasipo ngoma, na ngoma bila mimi haikunoga. Ndivyo nilivyojiona, nisikufiche.

Tulitakiwa Mitwaba jioni, kumpokea mkubwa mmoja. Tulikuwa uwanja wa ndege, tumejifunga vitenge vya chama, mizigo imekwisha kupakiwa. Rubani wetu, mzee mpole tuliyemwita Komanda Ilunga, akatazama mawingu ya kaskazini, akatikisa kichwa.

"Bamama, tungoje kesho. Ile mvua iko mubaya."

Kungoja! Mkubwa afike, akute kimya? Nikavua kitenge changu cha juu, nikamtupia begani, nikaanzisha wimbo papo hapo: "Komanda anaogopa mvua, mumupe kitenge afunge!" Wenzangu wakaitikia kwa makofi, hata wapakiaji wakacheka. Mzee wa watu alisimama kidogo, kitenge kikining'inia begani. Kisha akaingia nacho ndegeni.

Dhoruba ilitukamata kabla ya Mitwaba. Sikuimba tena, nilimwita mama yangu. Ndege ilirushwa huku na huko, ikaanguka katika shamba la mihogo. Sote tulitoka hai, Mungu asifiwe, ila mguu wa Komanda ulikuwa umesagwa na vyuma na damu ilimwagika. Kile kitenge kilikuwa bado kando yake. Nikamfunga nacho, nikakaza huku nalia, mpaka wakulima walipofika kutubeba.

Nilipomwona hospitali, mguu ulikuwa umekatwa. Nikapiga magoti.

"Simama, mutoto yangu," alisema. "Mvua niliiona. Haya ya kuchekwa njo ilinishinda. Sauti yako iko na nguvu. Siku ingine, uimbie ule mwenye anasema tungoje."

Miaka ikapita. Uwanjani palepale, rubani kijana, naye tukimwita Komanda, alitazama mawingu akasema tungoje, abiria wakaanza kumcheka. Nikasimama, nikaimba, "Tungoje, Komanda ameona!" Mwanzoni niliimba peke yangu kama mwehu. Bibi mmoja akaitikia, kisha wengine, na yule kijana akanyoosha mabega. Kesho yake tulifika salama. Nilipompelekea Komanda Ilunga habari hiyo, alicheka mpaka mkongojo ukamponyoka.

Basi mwanangu, usimcheke anayekuambia ungoje. Aliyeiona hatari na kuitaja mbele za watu amekwisha fanya kazi ngumu, usimwongezee haya. Na kama ulishamcheka mtu, kama mimi, usikae na majuto tu. Sauti bado unayo, mtetee mwingine.

Mungu akujalie macho ya Komanda Ilunga. Na siku utakaposema tungoje, akupe hata bibi mmoja wa kukuitikia.