Mafuta Mlangoni mwa Kanisa Tupu

Ndugu zangu, namshukuru Mungu kwa mengi, hata kwa aibu hii ninayoiungama kwenu.

Kanisa letu la Wakenya huku ughaibuni halina jengo. Tuliomba kaunti ituuzie kanisa moja la kale, lililokaa tupu miaka mingi pale mtaa wa Phillips. Mimi, mzee wa kanisa, nilikwenda huko kila asubuhi, nikalizunguka mara saba nikiomba, kisha nikaupaka mlango mafuta ya upako.

Siku moja nikamwona mzungu garini, akilitazama jengo na kuandika. Kesho yake akaja na kamera. Nikajua huyu anataka kutunyang'anya. Basi nikamwaga chupa nzima, mafuta yakachuruzika hadi kwenye ngazi. Jumapili nikawaonya waumini: "Kuna adui pale. Mkimwona, msimsalimu."

Siku ya kikao cha kaunti tuliketi mstari wa mbele. Adui yangu akaingia, akaketi kwenye kiti cha afisa wa majengo ya kale.

"Kabla hatujaamua," akasema, "kuna mtu anayemwagia mlango ule mafuta. Tunahofia anataka kulichoma jengo."

Picha ikatokea ukutani: mtu na chupa mkononi, mdomo wazi kama anayefoka.

"Kuna anayemfahamu?"

Nikainamisha kichwa. Mama Njeri, muumini mwenzetu, alikuwa ndiyo kwanza anaingia, ametoka zamu hospitalini. Akapaza sauti kwa fahari: "Si huyo ni mzee wetu! Kila asubuhi yuko hapo, hakosi hata siku moja!"